Kolonya: Limau Kiganjani mwa Mgeni

Msafiri wa basi la Dar es Salaam kwenda Mwanza anajua kwamba gari likishauacha mji, mhudumu atapita na soda na biskuti. Katika mabasi ya masafa marefu ya Uturuki, kabla ya chai na keki kulitangulia jambo jingine. Utingo, ambaye Waturuki humwita muavin, alipita kiti kwa kiti ameshika chupa ya maji yanayonukia limau. Abiria alikinga viganja, akamiminiwa kidogo, akasugua mikono, akajipaka shingoni na usoni, kisha akavuta pumzi ndefu. Muda si muda basi zima lilinukia kama jiko ambamo limau bichi limetoka kumenywa.

Maji hayo huitwa kolonya. Harufu yake haikai. Baada ya kitambo imekwisha, na hakuna anayelalamika, kwa kuwa haikukusudiwa kukaa. Katika ile inayojulikana zaidi, asilimia 80 ya ujazo ni ethanoli, ndiyo sababu kwenye lebo huandikwa digrii 80. Kinachobaki ni maji pamoja na mafuta ya kunukia ya limau, au manukato yaliyotengenezwa kuyaiga. Chupa yake haikosekani sebuleni, na familia nyingi huiona kuwa mali ya nyumba nzima, kama birika la chai.

Nyumbani ndiko kolonya inakopata heshima yake kamili. Siku ya Idi, ambayo Waturuki huiita bayram, watoto huwabusu wazee mkono na kuupandisha hadi kwenye paji la uso. Kisha kijana wa nyumba, mara nyingi yule aliyeanza kukabidhiwa kazi za kikubwa, huchukua chupa ya kioo na bakuli la peremende, akaanza na mgeni mwenye umri mkubwa kuliko wote. Anayemiminiwa huinua viganja viwili kama anayeomba dua. Kolonya kwanza, peremende au chokoleti baadaye, kahawa mwisho. Mgeni ametoka njiani, ameshika milango na mikono ya watu. Akishaipokea kolonya amesafika, naye ni wa nyumbani.

Haiishii kwenye sikukuu. Kinyozi humaliza kazi yake kwa kumpiga mteja kolonya mashavuni. Mwenye mkahawa humletea mlaji baada ya nyama ya kuchoma au samaki. Anayekwenda kumjulia hali mgonjwa huibeba kama zawadi. Msibani, mfiwa akizidiwa na kilio hupakwa kwenye vifundo vya mikono na kando ya macho, na huwekewa kitambaa kilicholoa karibu na pua mpaka atulie.

Ajabu ni kwamba desturi hii ambayo Waturuki wanaiona kuwa yao ya tangu na tangu imebeba jina la mji wa Ujerumani. Kolonya ni Köln, mji ulio kando ya mto Rhine. Safari ya kutoka Köln hadi sebule za Anatolia ilichukua karibu miaka 200. Ilipofika, ilikuta kiti kimeshawekwa.

Kiti hicho kiliwekwa na waridi. Katika nyumba za Waosmani mgeni alikaribishwa kwa gülsuyu, yaani maji ya waridi, yakinyunyizwa kutoka kwenye chombo kiitwacho gülabdan: tumbo pana chini, shingo ndefu nyembamba, na mdomo wenye vitundu vidogo. Nyuma yake kilifuata chetezo chenye udi. Msomaji wa Unguja, Mombasa au Lamu hahitaji kuchorewa picha ya chombo hicho. Ni mrashi, uleule wa shaba au fedha unaopitishwa kwenye maulidi na harusini, wageni wakirashiwa marashi mikononi na kwenye kanzu huku moshi wa udi ukipanda. Waswahili na Waturuki hawakuigana. Wote wawili walikunywa kisima kimoja: maji ya waridi ya jimbo la Fars, nchini Uajemi, yaliandikwa na wanajiografia wa karne ya 10 kuwa bidhaa inayosafirishwa nchi za mbali, na popote yalipofika, chombo cha kunyunyizia na adabu ya kumpokea mgeni vilifika pamoja nayo.

Kwa hiyo kolonya ilipoingia Istanbul haikuja kufundisha watu kumpaka mgeni harufu. Hilo walilijua. Kilichobadilika ni kilichokuwa ndani ya chupa.

Habari za chupa yenyewe zinaanza na familia ya wafanyabiashara Waitaliano, akina Farina. Giovanni Maria Farina alizaliwa mwaka 1685 katika kijiji cha Santa Maria Maggiore, milimani kaskazini mwa Italia, karibu na mpaka wa Uswisi. Mwaka 1709 ndugu yake alifungua duka Köln, na mwaka 1714 Giovanni Maria akajiunga naye. Manukato ya siku zile yalikuwa mazito: miski, ambari, harufu za kufunika uvundo wa miili isiyooga mara kwa mara. Farina alitengeneza kitu tofauti kabisa. Alichukua pombe safi ya zabibu, akayeyusha ndani yake mafuta ya maganda ya jamii ya machungwa, na maua na majani. Katika barua ya mwaka 1708 kwa ndugu yake, kabla hajahamia Köln, aliilinganisha harufu hiyo na asubuhi ya majira ya kuchipua huko Italia baada ya mvua. Kwa kuuenzi mji uliompokea, akaiita maji ya Köln, kwa Kifaransa eau de Cologne.

Moyo wa maji hayo ulikuwa bergamoti, tunda la kijani linalogeuka manjano, lenye ukubwa wa chungwa na uchungu usiolika. Linastawi hasa kwenye ukanda mwembamba wa pwani ya Reggio Calabria, ncha ya kusini ya Italia, ambako shamba la kwanza la biashara linahesabiwa kuwa lile la Nicola Parisi la mwaka 1750. Jina la tunda lina fumbo lake. Wako wanaolifungamanisha na mji wa Bergamo, na wako wataalamu wa lugha wanaosema limetoka kwenye Kituruki, beyarmudu, yaani pea la bwana mkubwa. Ikiwa hao wa pili wamesema kweli, neno la Kituruki lilikwenda Ulaya likarudi kwao likiwa limeyeyushwa kwenye pombe.

Kazi ya kuyapata mafuta yake inastahili kuelezwa, kwa sababu ndani ya tone moja kuna jasho la watu wengi. Mafuta hayamo kwenye juisi. Yamo kwenye vifuko vidogo vya ganda la nje, vile ambavyo mtu akilikunja ganda la chungwa karibu na mshumaa huona vikirusha cheche. Huko Calabria na Sicily, mfanyakazi alilikata tunda vipande viwili, akaikomba nyama yote kwa kisu chenye umbo la kijiko, akaliloweka ganda, kisha akaligandamiza juu ya sponji la baharini, akilizungusha kwa mkono mpaka vifuko vipasuke. Sponji likilowa, lilikamuliwa kwenye bakuli la udongo, mafuta yakaelea juu ya maji. Waitaliano waliiita kazi hiyo sfumatura. Ilifanywa msimu wa baridi, ganda baada ya ganda. Takriban kilo 200 za bergamoti hutoa kilo moja tu ya mafuta. Mwaka 1844 Nicola Barillà alibuni mashine ya kulikwangua tunda zima, iliyopata jina la mashine ya Kikalabria, na mikono ikaanza kupumzika. Moto haukutumika katika njia yoyote kati ya hizo mbili, kwani joto huibadilisha harufu ya ganda.

Hapo mwanzo watu hawakuyanunua maji ya Köln ili kunukia tu. Waliyanunua kwa kuamini kwamba yanatibu. Karatasi zilizofungwa pamoja na chupa ziliahidi tiba ya maumivu ya kichwa, ya moyo unaokwenda mbio, ya tumbo, hata kinga dhidi ya tauni. Watu waliyatia matone kadhaa kwenye sukari au divai wakameza. Askari wa Kifaransa waliofika Köln wakati wa Vita vya Miaka Saba, kati ya 1756 na 1763, walirudi kwao na chupa mifukoni, na Ufaransa ikayapenda. Napoleon mwenyewe anatajwa kuwa mmoja wa watumiaji wake wakubwa.

Na ni Napoleon aliyeyageuza. Mwaka 1810 alitoa amri kwamba dawa za siri zikabidhiwe kwa serikali, fomula zake zijulikane. Watengenezaji wa maji ya Köln walikuwa na njia mbili: kuifichua siri, au kuacha kuyaita dawa. Wakachagua la pili. Kuanzia hapo yakauzwa kama maji ya kunukia, na ahadi za tiba zikafifia kwenye karatasi, ingawa katika vichwa vya watu hazikufutika upesi.

Biashara yenye faida haikosi wajanja. Jina la Farina halikulindwa na sheria ya alama za biashara kama tunavyoijua leo, kwa hiyo yeyote aliyempata mtu wa ukoo wenye jina hilo aliweza kulinunua jina. Wilhelm Mülhens wa Köln alifanya hivyo mwaka 1803. Kesi zikafuatana kwa miongo. Mwaka 1881 familia ya Mülhens ikalazimika kuliacha jina la Farina, ikashika namba ya nyumba yake ya mtaa wa Glockengasse, namba iliyotokana na kuhesabiwa kwa nyumba za mji baada ya jeshi la Ufaransa kuuteka mwaka 1794. Namba hiyo ni 4711, na hadi leo inaonekana kwenye chupa yenye lebo ya buluu na dhahabu katika maduka ya dunia nzima.

Istanbul ilizipokea chupa hizo kwa jina la Kifaransa lililolainishwa ulimi, odikolon. Yalikuwa majira ya Sultani Abdülhamid II, aliyetawala kuanzia 1876 hadi 1909. Jiji lilikuwa limejaa maduka ya Kizungu mtaa wa Pera, na wenye fedha walinunua odikolon kutoka nje. Kabla karne haijaisha, Ahmed Faruki alikuwa miongoni mwa raia wa Dola ya Osmani wa mwanzo kuitengeneza humohumo nchini. Waliomfuata walikuwa zaidi wafamasia, jambo lenye maana yake. Mwaka 1895 Mfaransa kijana, Jean César Reboul, alifungua duka la dawa huko Pera, ambalo baadaye lilipata sifa kwa kolonya ya lavenda. Huko Izmir, Süleyman Ferit alichanganya kolonya nyuma ya kaunta ya duka lake la dawa. Mojawapo aliiita Altın Damlası, Tone la Dhahabu, na wasafiri waliopita Izmir walirudi nayo kama zawadi. Sheria ya majina ya ukoo ilipopitishwa mwaka 1934, alichukua jina la Eczacıbaşı, yaani mfamasia mkuu. Mwanawe, Nejat, akaanzisha mwaka 1942 kampuni ya dawa iliyokuja kuwa miongoni mwa makundi makubwa ya viwanda nchini humo.

Yale ambayo Napoleon aliyatoa kwenye kabati la dawa, mfamasia Mturuki aliyarudisha. Akayaweka kwenye rafu moja na spiriti na bandeji, na mteja akayachukua kama kitu cha kusafisha zaidi ya kitu cha kujipamba. Hapa ndipo njia ya kolonya ilipoachana na ya Ulaya. Ujerumani na Ufaransa maji ya Köln yakaelekea meza ya kujipodoa. Uturuki yakaelekea mikononi mwa mgeni.

Mwaka 1923 ni mwaka wa Jamhuri. Ankara ikatangazwa kuwa mji mkuu tarehe 13 Oktoba, na Jamhuri tarehe 29 ya mwezi huo. Ni mwaka huohuo Eyüp Sabri Tuncer alipofungua duka lake Ankara, na jina lake likaja kushikamana na kolonya ya limau kuliko jina lingine lolote. Wateja walikuja na chupa tupu, wakajaziwa kutoka kwenye mitungi mikubwa ya kioo, kama mtu wa Kariakoo anavyopimiwa mafuta ya taa au samli. Aliyekuwa na kidogo alinunua kidogo. Odikolon ya Pera ilikuwa ya wenye magari ya farasi. Kolonya ya kupimiwa ilimfikia karani, mshonaji na mwalimu wa kijijini.

Kwa nini limau, na si waridi lenyewe ambalo Isparta inalilima kwa wingi? Harufu nyingine zipo. Isparta ina kolonya ya waridi, Antalya ina ya maua ya danzi, Rize, mkoa wa mashamba ya chai, ina ya chai. Watu huzinunua safarini na kuwapelekea jirani. Lakini kila Mturuki ukimtajia kolonya bila kuongeza neno, atakayoiwazia ni ya limau. Sehemu ya jibu iko shambani: malimau hustawi kusini, hasa Mersin, na ni ya bei nafuu. Sehemu nyingine iko kwenye harufu. Waridi lina upande. Huvutia kwenye ibada au kwenye mapenzi. Lavenda ina wanaoipenda na wanaoikataa. Limau halina jinsia wala umri. Babu, binti harusi, askari na mtoto wa shule wanaweza kuondoka kwenye sebule moja wakinukia sawasawa, na hakuna aonaye haya.

Kemia nayo inaunga mkono. Karibu theluthi mbili za mafuta ya limau ni limoneni, chembe nyepesi inayoruka haraka. Ile harufu hasa inayomfanya mtu aseme "limau" hutoka kwenye asilimia chache za sitrali. Sitrali hiyohiyo ndiyo iliyojaa kwenye majani ya mchaichai, ndiyo maana chai ya mchaichai ya Tanga au Zanzibar hunukia limau ilhali haijaguswa na limau. Kiwanda cha makonyo cha Wawi, Pemba, kinachojulikana zaidi kwa mafuta ya karafuu, hukamua pia mafuta ya mchaichai kwa mvuke. Aliyewahi kunusa chupa ya mafuta hayo anaikaribia kolonya kuliko anavyodhani.

Kulikuwa na swali la dini, na haingefaa kulipita. Kimiminika chenye asilimia 80 ya ethanoli kinapakwaje na Mwislamu anayejiandaa kuswali? Wanazuoni hawakuwa na kauli moja. Katika madhehebu ya Hanafi, ambayo ndiyo ya Waturuki wengi, wapo wanaotenganisha mvinyo wa zabibu au tende na pombe itokayo kwenye vitu vingine, na kolonya ya Uturuki hutumia ethanoli ya viwandani, kwa mfano ile ya molasi ya kiazi sukari. Diyanet, mamlaka ya masuala ya dini nchini humo, inaona kwamba kujipaka kolonya hakuizuii swala. Kunywa ni habari nyingine, na hapo hakuna mjadala. Pwani ya Afrika Mashariki, yenye madhehebu ya Shafi, wengi waliihesabu pombe kuwa najisi, wakabaki na mafuta ya attar yasiyo na kileo. Inaelekea hii ni sababu mojawapo kwa nini wauza manukato wa Darajani na Mombasa bado wanapima mafuta kwa vichupa vidogo, na kolonya haikuota mizizi huku.

Ikaja Machi 2020. Mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 nchini Uturuki alitangazwa tarehe 11. Katika siku chache zilizofuata, wakati miji ya Ulaya inagombania vitakasa mikono, Waturuki walipanga foleni nje ya maduka ya kolonya. Waziri wa Afya, Fahrettin Koca, aliipigia debe waziwazi. Serikali ikasimamisha kwa muda sharti la kuchanganya ethanoli kwenye petroli, ili ethanoli iende viwandani. Tarehe 18 Machi Rais Erdoğan akatangaza kwamba wazee wenye zaidi ya miaka 65 watapelekewa kolonya na barakoa.

Haikuwa ushirikina wa kizee. Fomula ya kitakasa mikono iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, ile yenye ethanoli, ina asilimia 80 ya ethanoli kwa ujazo, kiwango kilekile cha digrii 80 kwenye lebo ya kolonya. Kirusi cha korona kimevikwa utando wa mafuta. Pombe huuvunja, nayo hufanya kazi vizuri zaidi ikichanganyika na maji kidogo kuliko ikiwa tupu. Vijana waliokuwa wameanza kuiona kolonya kuwa mambo ya bibi waliirudia, ingawa ile adabu ya kummiminia mgeni ilikuwa imesimama, maana hapakuwa na wageni. Chupa ilikaa mlangoni, na wa kuipitisha hakuwapo.

Wakati huo ndipo wengi walipotambua kwamba kazi mbili za kolonya zinaweza kuachana. Inaweza kuua vijidudu bila kumkaribisha mtu. Jeli ya chupa ya plastiki hufanya hivyo kila siku hospitalini. Kilichoifanya kolonya iishi zaidi ya miaka 100 Uturuki ni mkono wa pili, mkono unaomimina. Mtu hajimwagii mwenyewe mbele ya mwenyeji wake. Anakinga, anasubiri.

Anayetaka kuileta desturi hii nyumbani kwake ana mambo machache ya kuzingatia. Kichupa cha mafuta halisi ya limau au bergamoti, kama vinavyouzwa siku hizi Dar es Salaam na Nairobi pamoja na vile vifaa vya kusambaza harufu chumbani, si kolonya, na hakimiminwi mkononi mwa mtu. Kolonya ina mafuta kidogo sana ndani ya pombe nyingi. Kichupa ni mafuta matupu. Bergamoti ina kemikali iitwayo bergapteni, ambayo ngozi iliyopakwa ikipigwa na jua huungua na kubaki na mabaka ya kahawia. Mwanzoni mwa karne ya 20 madaktari wa Ulaya waliyaona mabaka hayo kwenye shingo za wanawake waliojipaka maji ya Köln, yametiririka kama mkufu. Mafuta ya limau yaliyokamuliwa bila moto nayo yana tabia hiyo kwa kiasi chake. Kwenye jua la Afrika Mashariki, tahadhari hiyo haina ziada. Kolonya yenyewe hushika moto upesi, kwa hiyo haimiminwi karibu na jiko wala mshumaa, na kwa mtoto mdogo ni sumu akiinywa. Madaktari wa Uturuki wameandika pia visa vya watu wazima waliodhurika kwa kunywa kolonya bandia yenye methanoli. Inunuliwe kwa mtu anayeaminika, ihifadhiwe juu, mbali na watoto.

Mrashi wa waridi haukufa Uturuki. Usiku wa mevlid, ambao sisi huuita maulidi, maji ya waridi bado hunyunyizwa misikitini. Lakini majumbani, gülabdan nyingi zimehamia kwenye makabati ya vioo na majumba ya makumbusho, huku kolonya ikiwa na tarehe, majina, lebo na risiti zinazomwezesha mwanahistoria kuifuata mwaka hadi mwaka. Marashi ya pwani yetu hayana bahati hiyo. Waliochanganya waridi na udi Unguja, Pemba, Lamu na Bagamoyo walifanya kazi ileile ya Farina na ya Süleyman Ferit, kwa pua na kumbukumbu, lakini ni machache sana yaliyoandikwa kuhusu nani alichanganya nini, na mwaka gani.

Kama kwenu kuna mrashi umekaa kabatini, uushushe. Muulize bibi au shangazi aliyeurithi ulinunuliwa wapi, ulijazwa nini, nani alikuwa na haki ya kuubeba na nani alirashiwa kwanza. Andika anavyokujibu, pamoja na jina lake na tarehe, kabla hajachoka kusimulia.